Natsuyo Aliyeombea Chakula

Mafuta ya nazi yakipata joto la kiganja hutoa harufu ambayo mpaka leo hunirudisha Stafford, pembeni mwa Houston, kwenye zulia la sebule yetu, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti ya mama. Alikuwa muuguzi, na Jumamosi alasiri ndipo aliponisuka. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda kupita kiasi Natsuyo, msichana wa vitabu vya katuni vya Kijapani, vilivyotafsiriwa kwa Kizungu, nilivyoazima maktaba: nywele fupi, suruali yenye viraka, ngumi nyepesi, na shule aliitoroka kila alipojisikia. Mama hakuviamini vitabu vile. “Utavisoma,” aliniambia, “lakini utanisomea kwa sauti, na si kwa Kizungu. Kiswahili chako kinakauka. Nikisikia upuuzi, vinarudi maktaba.”

Basi nikawa mkalimani, tena mkalimani mwoga, maana mama alikuwa mtu wa kanisa na kitana kilikuwa mkononi mwake. Natsuyo alipompiga mvulana teke, nilisema amempa ushauri. Aliporuka dirishani kutoroka hesabu, nilisema ametumwa dukani. Kabla ya kila bakuli la tambi nilimfumba macho akaombea chakula, na baadaye nikamwoshesha vyombo bila kuambiwa. Mama, macho yake yakiwa kwenye nywele zangu, aliguna kwa furaha. “Mtoto wa watu ana adabu. Wewe vyombo vinakushinda nini?” Mchimba kisima huingia mwenyewe: tangu siku hiyo vyombo vya jioni vikawa vyangu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yangu ilikuwa ya saa nne kwa gari, hadi Garland kwa dada yake mama. Huko televisheni ilikuwa ikionyesha katuni ya zamani ya Natsuyo. Waliomtengeneza walikuwa wamemrefushia nywele, wakamfunga utepe, wakamliza kwa ajili ya mvulana. Nilishusha pumzi, huyo angeweza kuombea chakula. Lakini binamu yangu, msichana wa sekondari, alichukua rimoti. “Hiyo ni ya kitambo, walimu-ruin, walimharibu kabisa. Wacha niweke ile mpya.” Natsuyo akaingia na suruali yake, akampiga mtu teke, akaruka dirishani. Mama alinigeukia polepole. “Huyu ndiye yule wa kuosha vyombo?” Nikaanza kulia, kwa kuwa nilijua vitabu vimekwenda.

Alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, “Yule wa utepe simtaki. Yule wako alikuwa ameanza kunichosha. Huyu namjua. Mimi nilifukuzwa shule wiki mbili kwa kuruka ua.” Dada yake alicheka mpaka akashika mbavu. “Tukirudi, anza kitabu cha kwanza upya,” mama akaniambia, “na usinifiche kitu.” Hapo ndipo nilipojifunza Kiswahili hasa, kwa sababu utundu unahitaji maneno mengi kuliko adabu, na kila teke nililazimika kumwuliza mama linavyoitwa.

Mwaka huu Natsuyo ametengenezwa tena, na hapa Houston kila mtoto humtazama peke yake kwenye simu, maandishi yakimtafsiria kila kitu sawasawa. Ni rahisi, na wala siwalaumu. Ila nawahurumia kidogo, kwa sababu hawana wa kumdanganya. Mimi niliogopa kunyang’anywa vitabu, nikajikuta nimepewa msichana aliyeruka ua, ambaye miaka tisa yote nilikuwa nikimwita mama tu.