Sindano Ahamia kwa Nyangumi

Kazini wote walimwita Sindano, na si kwa wembamba, maana kitambi alikuwa nacho. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuwachoma pini wadudu waliokauka, katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Ubingwa wake hasa ulikuwa kwa vinondo, vipepeo wadogo mno wa usiku, wanaokulia ndani ya jani. Kiwavi huishi baina ya ngozi ya juu na ya chini, akila na kujichimbia njia humo humo, na akishakuwa nondo bawa lake halifiki punje ya mchele. Kumchoma pini huyo bila kumvunja si kazi ya kila mwenye vidole.

Mwaka huu mikono ikaanza kutetemeka. Akaficha. Nyumbani alijaza kikombe nusu, akidai daktari kamkataza chai nyingi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na bawa: alimvunja kinondo ambaye makumbusho yote yalikuwa naye mmoja tu. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake kusema, aibu imemjaa.

Mkuu hakufoka. Alimhamishia ukumbi mkubwa, akapanguse mifupa ya nyangumi.

"Hongera, mzee!" mlinzi wa mlangoni akamtania. "Umeacha vidudu, sasa unafuga mnyama!"

Sindano hakuona cha kupongezwa. Ubavu mmoja tu ulimpita kimo, na brashi aliyopewa ilikuwa pana kama ya kupakia chokaa. Hapo mkono utetemeke utakavyo, hakuna wa kujua. Ndicho kilichomuuma. Wageni walipomuuliza uzito wa nyangumi aliwajibu, kisha akaongeza kwamba huyu bahari nzima ilikuwa yake, na kuna mwingine utoto wake wote unaenea ndani ya unene wa jani. Walicheka kwa adabu, wakaendelea kupiga picha.

Wiki ya tatu, binti aliyerithi meza yake alimfuata chini ya mbavu, mkononi ana jani kutoka bustani ya nyuma.

"Shikamoo, mzee. Kiwavi kashatoka, imebaki njia yake tu. Kitabuni simpati."

Sindano akalipokea, akaliinua dirishani. Jani likacheza hata njia isionekane. Akaliteremsha haraka. Angeweza kusema macho yamechoka. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni.

"Nishikie wewe, mwanangu," akasema. "Mikono yangu hii haitulii tena."

Binti akalishika kwenye mwanga, wima. Njia ilianza nyembamba kama uzi, ikapinda mara mbili, ikapanuka kadiri kiwavi alivyonenepa, na katikati yake kinyesi kilichora mstari mmoja mweusi. Sindano akaitazama mpaka mwisho.

"Ni wa aina ile ile ya yule niliyemvunja," akasema. "Kimbia kwenye mche ulikolichuma jani hili, wenzake huenda bado wamo ndani ya majani. Wafuge kwenye chupa. Na wakishakuwa nondo, siku ya kumchoma mmoja pini, niite. Nitasimama mbali na meza."