Mstari wa Kumi na Tatu

Mjomba wangu ameandika majina ya marehemu wengi kuliko waliozikwa na mchungaji yeyote, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, brashi ikiwa nyuma ya sikio, akipangusa vidole kwa kitambaa kinachonuka mafuta ya taa. Huandika vibao vya maduka na milango ya magari, lakini kazi yake kubwa ni misalaba ya mbao. Chumba chake kimeegemea karakana ya seremala wa majeneza, kwa hiyo mteja akitoka kwa jirani huingia kwake bila kuuliza njia. Watu wanamwita Herufi.

Alikuwa na sheria moja: haandiki uongo. Mwenye hoteli alitaka kibao cha "Chakula Kitamu", Mjomba akataka aletewe sahani kwanza. Alipomaliza kula, akaandika "Chakula".

Tulicheka sana. Hatukujua kwamba sheria hiyo hiyo ilikuwa imeshamuumiza mtu.

Bibi alimzaa Mjomba kabla hajaolewa. Baba yake alijulikana na mtaa mzima, ila baba mwenyewe ndiye aliyejifanya hana habari. Mjomba ana masikio yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, na katika kanisa letu masikio ya namna hiyo alikuwa nayo mtu mwingine mmoja tu: mzee wa kanisa, benchi la mbele, suti ya kijivu. Ukikaa nyuma yao Jumapili unaona sufuria mbili. Watu waliona, wakaimba.

Mjomba alipofika miaka minne, Bibi akaolewa na fundi baiskeli. Huyo ndiye babu yangu. Alikuwa mtu mfupi, grisi kwenye kucha hata siku ya Pasaka. Alimpeleka Mjomba kuandikishwa shule kwa jina lake mwenyewe. Karani akamtazama mtoto, akatazama masikio, akauliza, "Huyu ni wako kweli?"

Babu akajibu, "Umemwona kaja na nani?"

Lakini Mjomba hakumwita Baba hata siku moja. Alimwita Fundi. "Shikamoo, Fundi." "Fundi, chakula tayari." Na Babu akaitika, miaka yote ile, bila kununa. Mjomba jina la "Baba" aliliweka akiba kwa ajili ya yule wa benchi la mbele, kama mtu anayetunza shati jipya kwa sherehe asiyoalikwa.

Babu alipofariki, miaka sita iliyopita, msalaba aliuandika Mjomba. Chini ya jina la marehemu akaandika "Baba wa", kisha jina moja tu, la mama yangu, kwa herufi kubwa zilizojaza ubao.

Mama akamuuliza, "Kaka, na wewe je?"

"Siandiki uongo msalabani."

Mama hakusema naye mwezi mzima.

Mwaka jana kanisa jipya likapata paa, na kamati ikataka ukuta wa mbele uandikwe ukoo wa Yesu, kuanzia Ibrahimu hadi Kristo mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa yule mzee. Waandishi wa vibao wako watano mjini, akamchagua Mjomba.

Mjomba alirudi nyumbani anatembea kama amevaa viatu vipya. "Mama, amenichagua mimi. Ukuta wa ukoo, kanipa mimi."

Bibi alikuwa anachambua mchele. "Amekuchagua kwa kuwa mkono wako umenyooka."

"Labda anataka kusema kitu."

"Ana miaka arobaini na sita ya kusema kitu, mwanangu. Bubu hakai kamati."

Mjomba hakusikia. Alitaka jambo moja tu, na sasa alikuwa amelikaribia: mzee yule amwite "mwanangu", mara moja, mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya ndoo ya rangi.

Mchungaji alimwambia hesabu ni rahisi: Injili inasema vizazi kumi na vinne, mara tatu. Mjomba akapiga mistari ukutani, safu tatu, kila safu mistari kumi na minne. Rangi ya dhahabu ilikuwa kopo dogo linalokauka haraka, kwa hiyo akaanza na mwisho: mstari wa chini kabisa wa safu ya tatu akaandika YESU, kwa dhahabu. Kisha akapanda juu, akaanza kushuka na Ibrahimu kwa rangi nyeusi. Kila mstari jina moja na neno moja: akamzaa.

Mimi nilikuwa nampelekea chakula, maana stashahada yangu ilikuwa imesimama mwaka wa pili na mtu wa namna hiyo hana kisingizio. Siku moja Bibi akanifuata kuona kazi. Akasoma kwa sauti, Ibrahimu akamzaa, Isaka akamzaa, Yakobo akamzaa, mpaka akachoka.

"Wanaume tupu wanazaa!" akasema. "Wangezaa kweli, ukoo huu ungeishia kwa Isaka."

Mjomba akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Akamwambia wanawake wamo, ila wamebanwa ndani ya hadithi: Tamari aliyezaa na mkwewe, Rahabu aliyekuwa kahaba, Ruthu mgeni, na yule mke wa Uria aliyeibwa na Daudi.

"Na bado wakatoa mfalme?" Bibi akauliza.

"Wakatoa mfalme."

Bibi akautazama ukuta kwa muda. "Basi mimi nina nafuu," akasema, akaondoka.

Wiki ya tatu Mjomba akafika kwa Yusufu, akakwama. Yusufu alikuwa kwenye mstari wa kumi na mbili. Yesu, kwa dhahabu, alikuwa wa kumi na nne. Katikati yao mstari mmoja mweupe, mtupu. Akahesabu mara tatu, akanipa Biblia nisome yeye ahesabu, kisha akaisoma yeye nikahesabu mimi. Hakuna aliyerukwa.

Siku hiyo hiyo mzee wa kanisa akaja na fimbo yake kukagua. Akasimama chini ya ngazi, akainua shingo.

"Umeruka mtu hapo."

Mjomba akashuka polepole mpaka wakatazamana, masikio kwa masikio. "Mimi siruki watu, mzee," akasema.

Nilishika sahani ya chakula kama mtu aliyeshika bomu. Mzee akakohoa, akatazama sakafu, akatazama dirisha.

"Ziba kwa ua," akasema. "Au njiwa. Watu wasiulize." Akaenda zake, fimbo ikigonga sakafu.

Mchungaji alipokuja, kijana bado, mwenye haraka ya kujibu kila kitu, Mjomba akamvaa. "Uliniambia kumi na nne mara tatu. Mbona safu ya tatu inapwaya?"

Mchungaji akahesabu kwa kidole, akakuna kichwa. "Ni kweli. Hata wasomi imewasumbua. Wengine humhesabu Mariamu, wengine humhesabu mfalme mmoja mara mbili."

"Haya, na kwa Yusufu je? Neno langu limegoma. Siwezi kuandika akamzaa."

"Huwezi. Hakumzaa."

"Sasa ufalme umepitia wapi? Majina arobaini, damu inashuka, inashuka, ikifika kwa mwenyewe bomba limekatika!"

Mchungaji akakaa kwenye benchi. Nilidhani atatoa hotuba, lakini alisema taratibu. "Ahadi ilikuwa kwamba mfalme atatoka nyumba ya Daudi. Yusufu ni wa nyumba hiyo. Angeweza kumwacha Mariamu kimya kimya, na alishaanza kuwaza hivyo. Lakini alimchukua, na mtoto akampa jina. Mwanamume akimpa mtoto jina mbele ya watu, amesema huyu ni wangu. Siku hiyo majina yote arobaini yakawa ya mtoto, Daudi na kiti chake, Tamari na aibu yake. Ndiyo maana watu walimwita Mwana wa Daudi barabarani, na aliitika."

"Kwa kupewa jina tu?"

"Wewe unasema "tu". Muulize asiyepewa."

Mjomba akaweka brashi chini. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, macho yanang'aa, "Umesikia, mpwa wangu? Kumbe hajachelewa. Hata leo anaweza kunipa jina."

Alikuwa ameelewa somo lote, akalipeleka kwenye nyumba isiyo yake. Nilitaka kumwambia. Mimi ambaye ulimi wangu haujawahi kupitwa na neno, siku hiyo nikanyamaza.

Mwezi uliofuata mzee akaugua, hakuinuka tena. Mjomba akavaa shati jeupe, akaenda kumwona. Nilimsindikiza mpaka mlango wa chumba. Binti mkubwa wa mzee alikuwa kando ya kitanda, anampepea.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Ni Herufi, baba."

"Ah. Fundi." Akafumba macho. "Umeziba ule mstari?"

"Bado, mzee."

"Ziba, fundi. Watu watauliza."

Mjomba akasimama pale, mikono mbele, akisubiri. Mzee akageukia ukutani. Binti akatutazama, akaanza kupepea tena.

Nyumbani Bibi akauliza, "Amesemaje?"

"Kaniita fundi."

Bibi akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi: "Na yule uliyemwita hivyo wewe, aliitika maisha yake yote."

Mjomba akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Hakuna aliyemfuata.

Mzee akafariki wiki hiyo. Binti akaja kwa Mjomba na karatasi: jina la marehemu, tarehe, "Baba wa", na majina sita.

"Ni hawa tu?" Mjomba akauliza.

Binti akayatazama masikio yake, halafu akaitazama karatasi. "Aliandika mwenyewe, kabla hajafa," akasema kwa sauti ndogo. "Pole, kaka."

Kaka. Angalau yeye. Mjomba akaupiga ubao mistari sita, si saba, akaandika majina sita kwa mkono ulionyooka kama rula. Sijawahi kuona msalaba mzuri kama ule. Haukuwa na uongo hata herufi moja.

Kesho yake asubuhi aliingia kanisani na kopo la rangi nyeusi, akapanda ngazi. Kwenye mstari mtupu, kati ya Yusufu na Yesu, hakuchora ua wala njiwa. Aliandika: akampa jina. Akashuka, na rangi iliyobaki akatoka nayo kwa miguu mpaka makaburini, mimi nyuma yake.

Msalaba wa Babu ulikuwa umepauka, mguu wake umeanza kuliwa na mchwa. Jina la mama yangu lilijaza ubao wote, maana Mjomba mwenyewe ndiye aliyepiga mstari mmoja tu. Nafasi haikuwepo. Mjomba akapiga magoti, akajibana pembeni kabisa, ukingoni, akaandika jina lake kwa herufi ndogo kama za bei dukani. Jina likapinda, herufi ya mwisho ikaishia kwenye unene wa ubao. Ni maandishi mabaya kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Kisha akabaki pale, magoti kwenye udongo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa, brashi ikimkaukia mkononi.