Chaji Isiyoisha

Mwaka juzi nilikuwa naamka nimechoka. Nafundisha shule ya msingi upande wa Butimba, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na nikitoka hapo nina nyumba, nina wanangu, na nina baba. Baba anaishi Buhongwa peke yake tangu mama alipofariki. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam. Wao hutuma ushauri. Ushauri hufika haraka sana kwa sababu haulipi nauli.

Ndio mwaka ambao daktari alituambia moyo wa baba umedhoofika. Asifanye kazi ya kumtoa jasho, na asiendeshe tena baiskeli kwenye vilima. Sasa nenda kamwambie hivyo Msukuma aliyeanza kuendesha baiskeli kabla hajaota ndevu, aliyebeba juu yake magunia ya mpunga, mabati ya nyumba yake, na siku moja mke wake mwenye uchungu wa kujifungua, akiwa amekaa nyuma kwenye keria. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo ni mimi.

Baba ana bustani ya mchicha na nyanya karibu na ziwa, Nyegezi. Alikuwa akienda kwa baiskeli kila siku isipokuwa Jumapili. Kaka zangu walisema, "Mkataze." Nikamkataza, akatii, na utii wake ndio ulionitisha. Alikaa kibarazani akitazama malori ya barabara ya Shinyanga. Akaacha kunyoa ndevu. Chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake kimefunikwa vilevile. Nikaona moyo utamuua na kibaraza kitamuua, na kibaraza kitawahi.

Ndipo nikaiona baiskeli ya umeme kwenye dirisha la duka moja la Mirongo, bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu na ya chini kuandikwa pembeni. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, aliyezaliwa juu ya duka hilohilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, kuangalia ni bure."

"Kwa nini mmeishusha hivi? Isije ikawa kimeo."

"Kimeo ningekificha uani, nisingekiweka dirishani," alisema. "Imekaa hapo mpaka jua limeifubaza upande mmoja. Vijana wanataka pikipiki, wazee wanaogopa waya. Nani atapanda, wewe?"

"Baba yangu. Ana ugonjwa wa moyo."

Akaniita karibu, akanionyesha kitufe kwenye usukani. "Akifika mlimani abonyeze hapa tu. Itampandisha yenyewe."

Nikaijaribu mtaani nikiwa na sketi yangu ya kazi, watu wakinicheka. Nilipobonyeza, nilihisi nasukumwa taratibu kwa nyuma. Mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma kila kitu. Karibu nilie pale barabarani. Nilirudi dukani nikapunguziwa tena kidogo, na fedha ya mchezo, zamu yangu ya kuchangiwa na walimu wenzangu, ikaishia hapo.

Baba aliizunguka baiskeli ile kama anakagua ng'ombe wa mahari. Akagonga fremu, akabonyeza matairi, akauliza inakula nini. Nikamwonyesha jinsi ya kuchomoa betri na kuichaji ndani, na kile kitufe. Nilipotaka kubandua nailoni kwenye kiti, alinishika mkono. "Iache kwanza."

Sikushangaa. Kwetu vitu ndivyo vinavyoishi. Sahani nzuri za mama zilikaa kabatini zikisubiri mgeni ambaye hakuja mpaka mama mwenyewe akafa. Rimoti ya televisheni imefungwa nailoni mpaka namba hazionekani. Sijawahi kumwona mtu wa ukoo wetu akitumia kitu kizuri siku kilipofika.

Baba akarudi bustanini. Akanyoa ndevu. Jioni moja akaniletea mchicha uliokuwa bado na udongo, akaniambia nyanya zimekufa kwa kukosa mtu wa kuzisemesha. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Kila nilipokwenda kwake niliiwasha taa ya betri inayoonyesha chaji, nikakuta imejaa. "Umechaji, baba?" Alikuwa akijibu, "Bado ipo." Nikawapigia kaka zangu kujisifu. Kitu cha punguzo, nikawaambia, na betri yake haiishi! Mmoja akaniomba nimuulizie kama zimebaki.

Lakini miguu ya baba ilianza kuvimba. Akawa anaongea nusu sentensi, anapumzika, anamalizia. Nikamrudisha kwa daktari, akaongeza dawa na kuniuliza kama mzee bado anajichosha kwenye vilima.

"Hapana, daktari. Siku hizi ana baiskeli ya umeme." Nilijibu kwa maringo kidogo.

"Basi ugonjwa unakwenda mbele," alisema.

Kaka zangu wakaamua. Bustani iuzwe, mzee aende Dar akae kwenye chumba cha nyuma, karibu na hospitali kubwa. Sikubisha. Kusema kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba, ndani yangu, kuna sehemu iliyofurahi. Nikamtafuta hata jirani wa kuinunua bustani, na Ijumaa moja baada ya kazi nikapanda bodaboda kwenda kumwambia baba.

Kwenye mwinuko wa Mkolani nikamwona mbele yetu. Alikuwa amesimama juu ya pedali, mgongo umepinda, shati limelowa. Anakanyaga mara moja, baiskeli inasogea kidogo, anakanyaga tena. Baiskeli ya umeme ni nzito. Ina betri, ina mota, na usipoiwasha unavibeba vyote hivyo kwa miguu yako. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa nyepesi kuliko ile niliyomnunulia kumwokoa. Nikamwambia dereva asimame.

"Baba! Imeharibika?"

Alishtuka, akashuka. Aliegemea usukani akivuta pumzi, na taa ya betri ilikuwa imezima kabisa.

"Haijaharibika," alisema. "Nzima."

"Mbona hujaiwasha?"

"Naitunza."

"Tangu lini?"

Akaipapasa nailoni ya kiti, bado haijabanduliwa. Nikaelewa kwamba tangu siku ya kwanza. Hasira ilinipanda, nikapiga kelele barabarani, mimi mwalimu, mbele ya dereva wa bodaboda na wanawake waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma. "Unaitunzia nani? Umejiua miguu, umejiua moyo, tumekuandalia safari ya Dar, bustani tunaiuza, kumbe kitufe hujakigusa! Unaitunzia nani, baba?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Wewe," alisema. Akapumua. "Mimi sina siku nyingi, mwanangu. Nikiondoka, utaiuza. Mtu akikuta betri haijatumika, atakupa fedha yako yote. Usije ukapata hasara kwa ajili yangu."

Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara na kulia, na uchovu wote wa mwaka ule ukatoka hapo kwa pamoja, wala sikujali nani anatazama. Baba hakujua afanye nini. Alibaki ameishika baiskeli isianguke.

"Sitaki fedha," nilimwambia nilipoweza. "Dar hutakwenda. Lakini baiskeli hii uichakaze. Betri ife, matairi yaishe, itoe kutu. Nataka niirithi ikiwa chuma chakavu, unanisikia?"

Aliitazama baiskeli kama anayepigiwa bei.

"Chuma chakavu wananunua kwa kilo," alisema. "Hutapata kitu."

"Nisipate."

Akapanda. Akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akakikosa, akakitafuta tena. Kisha baiskeli ikaondoka naye kupanda kile kilima, miguu yake imetulia juu ya pedali, na hakuniangalia nyuma hata mara moja.