Mulango wa Saa Tatu

Iko siku moja haitoki kwa kichwa yangu, Mwanangu. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo zinaanza, na sisi watu wa Kadutu tulikuwa tunashuka kila alfajiri kuvua na ndoano kando ya ziwa, chini ya shamba la Maman Nabintu. Alikuwa mujane. Migomba yake ilishuka mpaka kwenye maji, na njia yetu ilipita katikati. Tulipita pole pole tusimuamushe, na wakati wa kurudi tulimuachia tilapia moja kwenye mulango wa jikoni. Hakuna aliyetuomba. Ilikuwa hivyo tu.

Unajua tilapia iko na saa yake. Jua halijatoka, inakuja karibu kabisa, pale kwenye matete, inatafuta chakula. Jua likianza kuchoma, inashuka kwenye maji ya baridi, na wewe utakaa pale na ndoano yako kama mujinga. Hiyo nilikufundisha mimi mwenyewe, usijifanye umesahau.

Basi, Maman Nabintu alienda Nyantende kumuangalia dada yake mugonjwa. Nyumba ikabaki na binti yake na mume wa binti. Yule bwana, lo! Aliona miguu yetu ya matope, akakasirika, akaweka mulango wa mbao na kufuli. Akatuambia: "Mutapita saa tatu, nikisha kunywa chai."

Saa tatu! Samaki gani inakungoja umalize chai? Tulishuka saa tatu, tukarudi mikono mitupu. Kesho yake vile vile. Nyumbani mama alisonga bugali, tukakula na chumvi, wadogo zangu wanalia, na baba anawasukumia sahani yake. Nilitaka kwenda kuvunja ile mbao na shoka.

Maman Nabintu akarudi. Akakuta kufuli, na kwenye mulango wa jikoni hakuna samaki. Wewe unajua kwetu mama mukwe hasemezani na mukwe wake hivi hivi, heshima inakataza. Akamupa binti yake ndoano na uzi: "Ambia mume wako atuletee mboga ya leo. Lakini asishuke mbele ya saa tatu."

Sisi tulikuwa tumesimama inje, tunaona yote. Bwana alikaa juu ya jiwe, shati imelowa jasho, mpaka jua likaanza kushuka. Hata kadagaa kamoja! Aliporudi alikuta bugali kwenye sahani, peke yake. Ndipo yule mama akatoka jikoni, akasimama mbele ya mukwe wake, akamuangalia kwa macho. Binti yake akashika mudomo. "Saa uliyowapa watu, na wewe kula nayo," akasema. Bwana akaweka sahani chini, akaenda mwenyewe kufungua kufuli.

Sasa nikuulize, kwa sababu nimekasirika na sitaficha. Kile kiwanja ulichonunua wewe, si ndiyo shamba lile lile la Maman Nabintu? Juzi nilishuka alfajiri na ndoano yangu, nikakuta ukuta wa mawe na mulango wa chuma. Sentineli wako, yule kijana wa adabu anayekulindia mulango, akaniambia: "Muzee, unisamehe, patroni alisema wavuvi wapite saa tatu."

Patroni! Mutoto niliyemulisha na samaki ya pale! Nyuma yangu walisimama wanaume na maman mumoja na kikapu chake, wote wananiangalia. Sikumuambia yule kijana kama patroni nilimuzaa mimi. Niliona haya, nikapanda tena mpaka Kadutu.

Jenga ukuta wako, Mwanangu, wezi wako wengi, sikukatazi. Lakini mulango ufunguliwe alfajiri, wakati samaki iko karibu. Ukimupa mutu njia saa ambayo haimusaidii, haujamupa kitu, umemucheka tu. Kama unaogopa matope, nunua fagio.

Mungu akulindie nyumba hiyo, na muke wako, na watoto wasikie harufu ya samaki kila siku. Na asubuhi utakayokuta tilapia kwenye mulango wa jikoni yako, ujue baba yako amepita.