Mama Nabututu Amtafuta wa Kumshukuru

Mama Nabututu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga kwa miaka thelathini na minane, mpaka magoti yakamgomea. Alipotimiza sabini na miwili alikuwa akiishi mtaani Migosi kwa binti yake, Dolphine, na dawa zake za presha zilingoja hadi kodi ya nyumba ilipwe. Dolphine hakuwahi kumnunia. Hata hivyo, kuomba kila mwezi kulimchoma mama aliyezoea kufunga pesa zake mwenyewe kwenye pindo la leso.

Kisha jina lake likaingia kwenye orodha ya wazee wanaolipwa na serikali. Siku ya malipo ya kwanza alipitia duka la dawa, akanunua vidonge vya mwezi mzima, akarudi nyumbani akiimba.

"Hizi pesa amezitoa nani?" alimwuliza Dolphine.

"Serikali, Mama."

"Hiyo serikali inalima wapi?"

Dolphine akacheka. "Ni kodi ya wananchi. Watu kama Mwalimu Enos, hapo mlango wa pili, wanakatwa kwenye mshahara."

Basi Jumamosi asubuhi mama akabisha hodi mlango wa pili, mkononi bakuli la omena waliokaangwa kwa nyanya na dania.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru kwa dawa zangu."

Enos alidhani ni mzaha. Alipoelewa, alipokea bakuli kwa mikono miwili, lakini moyo wake ulikuwa mzito. Alimkaribisha kiti, akafungua simu na kumwonyesha hati ya mshahara wake.

"Ona, Mama. Kodi, bima ya afya, akiba ya uzeeni. Kinachobaki nagawana na baba yangu kule Funyula. Na wazee wanazidi kuwa wengi. Nikifika umri wako, atakatwa nani kwa ajili yangu? Zitatosha kweli?"

"Sijui, mwanangu," alisema Nabututu, na kweli hakujua. "Ninachojua ni kwamba mama yangu alikufa bila kuona shilingi ya serikali. Alikuwa akituambia hapendi chai ya sukari, kumbe anatuachia sisi sukari. Mimi nami nililipa ushuru kila siku ya soko, nisijue unamfikia nani. Leo walau aliyetoa namwona uso. Niache nishukuru."

Enos akaiweka simu mezani. Nabututu akauliza kama baba yake naye hupokea pesa hizo.

"Alikataa kuandikishwa. Anasema ni pesa za wazee wasio na watoto."

"Mpigie."

Wazee hao wawili, wasiowahi kuonana, walisalimiana kwa Kisamia, lugha yao ya nyumbani, mpaka Enos akaanza kuhofia salio lake.

"Mzee, mimi pia nina mtoto, tena mwema," alisema Nabututu. "Lakini mtoto naye ana watoto."

"Watu watasema Enos amenitupa," alijibu Mzee Wandera.

"Waambie Enos ni mmoja wa wanaozilipa. Unakataa jasho la mwanao kwa sababu limepitia kwa chifu?"

Kicheko cha mzee kilisikika chumba kizima.

Haikuwa kazi ya siku moja. Uandikishaji ulipofunguliwa, Mzee Wandera alikwenda kwa chifu na kitambulisho chake, akarudishwa kuleta nakala, akaenda tena. Karibu mwaka ulipita kabla ya malipo yake ya kwanza kuingia. Kila mwisho wa mwezi Enos aliendelea kuguna juu ya makato, na kwenye chumba cha walimu bado alibishana kuhusu hesabu za miaka ijayo. Hakuna aliyempa jibu la kumridhisha.

Jumapili moja baba yake akapiga simu. Enos aliketi kitandani akingoja ombi, iwe mbolea au dawa ya macho. Mzee aliuliza hali ya wajukuu. Akasimulia ng'ombe aliyezaa ndama wa kike, mvua iliyochelewa, na kwaya ya kanisa iliyopata mwalimu mpya asiyejua kuimba. Walicheka sana.

"Haya, mwanangu. Nilitaka kukusikia tu," alisema mzee, akakata.

Enos alibaki na simu mkononi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho waliongea hivyo, baba na mwana, pasipo haja. Alikwenda sebuleni kuwaambia watoto kwamba babu yao ana ndama.