Tusekile, kocha wa mabinti wanaolinda mpunga

Jumatano asubuhi, Ngonga. Umande bado umelala kwenye mpunga, na mabinti wamesimama pembezoni mwa shamba, kila mmoja na debe lake. Katikati yao yupo mwanamke mwenye filimbi shingoni na matope mpaka magotini.

"Kisa, nyuma yako!" anapaza sauti.

Kisa anageuka. Kundi la kwelea kwelea linashuka kama wingu. Anapiga debe, wenzake wanapayuka, "Haaa! Haaa!" na ndege wanapaa kuelekea shamba la jirani.

"Umechelewa," anasema yule mwanamke. "Ulitakiwa uwe umeshageuza shingo kabla sijasema. Ningekuwa mpinzani, mpira ningeshauchukua."

"Kocha, mpira wenyewe hapa hatuna."

"Shingo si unayo?"

Mabinti wanacheka mpaka ndege wengine wanaogopa.

Huyo ndiye Tusekile Mwakatobe, kocha wa timu ya wasichana ya chuo kimoja cha ualimu wilayani Kyela. Zamani alikuwa kiungo, tena kiungo wa kulipwa. Alicheza Mbeya, akacheza na Dar es Salaam, misimu tisa yote kwa pamoja.

Alizaliwa Busale, kwa wakulima. Mpunga ukianza kukomaa, yeye na dada zake walipelekwa shambani kulinda ndege tangu kunapokucha hadi jua kuzama. Na ndege hawa hawapigi hodi. Ukiangalia mbele wanatua nyuma, ukigeuka nyuma wameshajaa kushoto. Basi mtoto anazoea kuzungusha shingo, wala hafundishwi na mtu.

"Kule Dar walisema nina macho kisogoni," anasema Tusekile. "Macho gani? Mimi nilikuwa nalinda shamba tu. Kiungo anayepokea mpira bila kujua nani yuko nyuma yake, huyo ameshaliwa."

Si kwamba mambo yalikuwa mazuri siku zote. Kuna msimu mshahara ulikuja mwezi mmoja kati ya minne, wakawa wanakula maharage asubuhi na maharage jioni.

"Lakini nilifurahi jamani, sikudanganyi. Watu wanalipa kiingilio waje kukuangalia wewe, mtoto wa Busale!"

Mpira aliuacha mwenyewe, bila kusukumwa. "Siku niliyoona nauita mpira kwa mdomo zaidi kuliko kuufuata kwa miguu, nikasema sasa basi."

Akarudi nyumbani, chuo kikamchukua. Mwaka wa kwanza, mpunga ulipoanza kuiva, alifika uwanjani akamkuta Neli peke yake. Neli ni golikipa, mtoto wa wafinyanzi wa vyungu kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwao hakuna mpunga. Wengine wote walikuwa makwao wanalinda ndege.

"Nilimpigia Neli mipira mpaka akaniambia, kocha, hata chungu kinapumzishwa kabla ya kuchomwa," anasimulia.

Tangu hapo aliacha kuwasubiri. Msimu wa ndege ukifika, timu inazunguka: leo shamba la mzazi huyu, kesho la mzazi yule. Asubuhi wanalinda, mchana ndege wakipumzika wanacheza kwenye kiwanja chochote kikavu.

Mzazi mmoja tu alikuwa hajalainika, naye ni mwenye shamba hili la Ngonga. Ni Anyosisye, mama yake Kisa. Mwaka jana Kisa alikwenda kwenye mechi, na ndege wakamaliza upande wa juu wote wa shamba. Mwaka huu mama akasema mpira basi.

Tusekile akamfuata nyumbani.

"Mugonile, mama," alimwamkia Kinyakyusa, kwa wingi wa heshima.

"Ndaga. Umekuja kunichukulia mtoto?"

"Nimekuja kuwaomba, mama. Kisa ana kipaji."

"Nimempeleka chuo asome ualimu, siyo akimbizane na ngozi ya hewa huku mimi naliwa na ndege."

"Mmeshawahi kumwona akicheza?"

Anyosisye akatikisa kichwa. Hajawahi.

Wakaafikiana. Timu ingelinda shamba lake wiki nzima, na Jumamosi mama angekuja kutazama mechi dhidi ya chuo kimoja cha Mbeya. Mshindi angekwenda mashindano ya vyuo ya kanda, jijini Mbeya. "Nikiona ni upuuzi, Kisa anaacha," alisema Anyosisye. "Na wewe na filimbi yako nisiwaone tena hapa."

Jumamosi ikafika. Shamba aliachiwa Zebedayo, mume wa Tusekile, dereva wa bajaji ambaye kombeo mara ya mwisho alilishika utotoni. Anyosisye akatandika kanga pembeni ya uwanja, akaketi na mwavuli wake.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka karibu na mapumziko. Hapo likatokea kundi la kwelea kwelea, likapita chini chini juu ya uwanja. Mabeki wawili na Kisa mwenyewe wakasimama, wakanyoosha mikono juu, wakapiga kelele kwa pamoja: "Haaa! Haaa!"

Mshambuliaji wa Mbeya aliwapita taratibu kama anayekwenda kisimani. Neli akabaki peke yake tena. Goli.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Tusekile alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso. "Nilijua nimeshampoteza Kisa," anasema.

Mapumziko, Anyosisye akainuka, akavuka uwanja akiwa na mwavuli mkononi. Mabinti wakampisha.

"Wewe Kisa! Nani kakutuma ulinde ndege hapa?"

"Mama, nimezoea."

"Ndege niachie mimi. Wewe angalia mpira."

Na hakufanya mzaha. Kipindi cha pili chote alikimbia kando ya uwanja, mwavuli juu, akifukuza hata kunguru waliokuwa wanapita zao. Mwamuzi alimwonya, akamjibu kwamba kila mtu afanye kazi yake. Kisa akapokea mpira akiwa ameshaona njia, akageuka, akatoa pasi ya goli la kwanza. La pili akafunga mwenyewe. Mama akautupa mwavuli.

Sasa Tusekile anaandaa safari ya Mbeya. Akirudi anataka kuanzisha timu ya wasichana wadogo Busale, wacheze msimu mzima, mpunga uwepo usiwepo.

Baada ya mechi alimkuta Anyosisye anakunja kanga yake.

"Mama, mmeamuaje kuhusu Kisa?"

"Niamue nini tena? Huko Mbeya uwanja wenyewe uko karibu na mashamba ya mpunga?"

"Hapana, mama. Ni mjini kabisa."

"Basi huko hatufungwi."