Mfuniko wa Abibu

Kwa miaka arobaini Abibu, jirani yangu hapa Kamalondo, alitengeneza makabati ya vioo ya wauza mikate. Kabati lake halikupitisha nzi wala sisimizi. Baba yake, mtu wa Maniema, alimwachia kisu cha kukatia vioo na neno moja: fundi anayeacha upenyo ameacha aibu.

Siku hizi mikate inauzwa ndani ya beseni kando ya barabara, na vumbi ndilo la kwanza kuionja. Hakuna anayeagiza kabati. Ndiyo maana mwezi wa sita, Yasmine mwenye saluni alipomwagiza tangi la samaki, jembamba, refu kufika kifuani, Abibu alivaa koti lake la Idi kuja kuniambia.

"Samaki wangapi?" nikamuuliza.

"Mumoja."

Nilimwona samaki huyo ndani ya chupa ya jamu: betta, samaki wa mapambo, wa buluu, mdogo kuliko kidole, mapezi yake marefu kama kanga iliyoanikwa. Tumefika hapa, nikasema moyoni. Samaki asiyetosha tonge anajengewa ghorofa.

Abibu alifanya kazi kama zamani. Aliosha mchanga mara saba. Maji ya bomba aliyaacha siku mbili kwenye ndoo wazi mpaka harufu ya dawa ikaisha, akaweka na kipasha maji, maana baridi yetu ya Juni haina huruma. Kisha akabandika mfuniko wa kioo kwa gundi pande zote, akabakiza tundu moja la kupitishia chakula, nalo akalikatia kizibo. Gundi ilipokauka vizuri, asubuhi mapema alijaza maji mpaka yakagusa mfuniko, akamwingiza samaki, akaziba.

"Hata pumzi haipiti," akasema kwa furaha.

Nami nilimsifu. Mungu anisamehe.

Saa nne asubuhi samaki alikuwa juu, akigonga kioo kwa mdomo. Saa sita alikuwa amelala chini kwenye mchanga, rangi imepauka. Mapalo, mke wa Abibu, aliyezaliwa Kilwa, si ile ya pwani bali hii yetu ya kando ya ziwa, aliingia na sahani ya bukari, ugali wetu wa hapa, akaiacha ikaanguka.

"Abibu! Samaki iko nakufa! Iko nakosa mupepo!"

"Mama, samaki anapumua ndani ya maji," nikamwambia. "Nimesoma."

"Papa Kangwa, bitabu yako ilishakamata samaki ngapi? Kule kwetu kambale anapanda yulu, anameza mupepo, anashuka. Huyu naye njo vile. Mumemufungia mulango!"

Kumbe samaki naye hufa maji! Abibu alitoa kizibo, akaingiza mkono. Tundu likamkaba kwenye vifundo vya vidole, na chini bado mbali. Alijaribu kuung'oa mfuniko. Haukutikisika. Alikuwa ameubandika yeye.

Miaka arobaini sikuwahi kumwona Abibu akivunja kioo. Alibandika kitambaa chenye gundi juu ya mfuniko ili vipande visidondoke, akachukua nyundo, akafumba macho, akapiga. Mapalo alikwisha kufunga chujio la chai kwenye mpini wa fagio. Alimpandisha samaki taratibu, kama mtu anayetoa ndoo kisimani, mpaka juu ya maji. Tukasubiri. Mdomo ukafunguka mara moja. Halafu tena.

Abibu alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, akalia bila kujificha.

Alipoanza upya alipunguza maji, akapanda mmea wenye majani mapana yanayofika karibu na juu, mahali pa samaki kupumzikia ili asichoshwe na mlima ule wa maji. Mfuniko mpya aliukata mfupi kwa vidole viwili.

Yasmine alipokuja, alipitisha kucha yake kwenye upenyo ule. "Papa Abibu, na hapa? Ulikosa kioo?"

Nilitazama pembeni nisimwone akiaibika.

"Hapana, mama," Abibu akajibu. "Hapo niliacha mimi mwenyewe."